Muzalisha wa Kuku wa Gihosha

Ukimpelekea mayai ya kutotolesha, hakuyaangalia kwanza. Alikuangalia wewe. Alikuketisha kwenye kigoda barazani, akavaa miwani, akasogeza kiti chake karibu na kuuliza kwa sauti ya chini, ili wale wengine wanaosubiri wasisikie:

"Jogoo iko?"

"Iko, Mama."

"Iko na umri gani?"

"Sijui, Mama. Ni mukubwa tu."

"Anakula vizuri? Anapanda? Ao anaimba tu?"

Hapo mwanamume mzima aliyepanda kutoka Kigobe, tai shingoni na kikapu cha mayai mapajani, alianza kutazama ncha za viatu vyake na kujibu maswali ya jogoo wake kana kwamba ni yeye mwenyewe anayechunguzwa. Mama hakucheka. Maswali hayo alikuwa ameyauliza miaka mingi katika wodi ya wazazi, na hakuona kwa nini ayabadilishe kwa sababu tu mgonjwa sasa ana manyoya.

Mtaa mzima ulimwita Mama Muzalisha. Muzalisha kwetu ni mkunga, na hiyo ndiyo kazi aliyoifanya mpaka akastaafu. Alikuwa Mwislamu wa Buyenzi, akahamia huku Gihosha, kwenye mteremko juu ya mji wa Bujumbura, kwa sababu alitaka kufuga, na Buyenzi, alisema, hata mtu akitaka kugeuka lazima kwanza amwombe jirani ruhusa. Mimi ni mshonaji. Nilitoka Uvira nikapanga nyumba ndogo upande wa pili wa ukuta wake. Cherehani yangu ilikaa barazani, na ukuta ule ulikuwa mfupi. Kwa hiyo kazi yangu kwa miaka ilikuwa ni kushona na kusikiliza.

Mashine yake ya kutotolea ilikuwa frigo. Frigo lenyewe lilikuwa limekufa zamani; fundi mmoja alilitoa mtambo wake wa baridi, akatia balbu, feni ndogo, kipimajoto na bakuli la maji la kuleta unyevu, akakata mlango na kuweka kioo. Tangu siku hiyo likaitwa kuvezi, jina lile lile la sanduku wanamolazwa watoto waliozaliwa kabla ya wakati. Watu walidhani anatania. Hakuwa anatania. Juu ya kioo alibandika karatasi yenye neno moja la Kifaransa, SILENCE, na ukifika pale ukipiga kelele za sokoni alikutoa nje. Kila alipofungua mlango ule kugeuza mayai alisema "Bismillahi" kwanza, kisha akayaambia "Asubuhi njema" au "Habari za mchana", kulingana na saa.

Wiki moja baada ya mayai kuingia, ilikuja siku ya ekografi, kile kipimo cha kutazama mtoto tumboni. Alivuta pazia, akachukua boksi la viatu alilolitoboa tundu, akawasha tochi ndani yake na kuweka yai juu ya tundu. Mara ya kwanza aliponiita nione, niliingia nikijizuia nisicheke. Kisha nikaona. Ndani ya yai kulikuwa na nyuzi nyembamba nyekundu zimejitawanya pande zote, na katikati kitone cheusi kinachotikisika. Nilitoka pale nikarudi kwenye cherehani, nikakaa muda mrefu bila kukanyaga.

Majibu ya ekografi hayakutangazwa hadharani. Kama yai ni tupu, alimwita mwenyewe pembeni. Nakumbuka mwanamke mmoja wa Mutanga Sud, muuza nguo za mitumba, mtu mwenye kicheko kikubwa, aliyeleta mayai kwa kujaribu tu. Mama alimshika begani.

"Dada, hizi hazikushika. Si kosa yako. Na kuku pia usimulaumu. Kunywa chai kwanza, utaenda polepole."

Yule mwanamke alikuwa hana huzuni yoyote alipofika. Baada ya kupewa pole namna ile, alishuka mlima akifuta macho.

Kuhusu aina za kuku alikuwa na maoni makali, na maoni hayo yalikuwa kama ya mtu anayewasema wakwe zake. Kuku weupe wa kigeni wanaotaga kila siku aliwaita wafanyakazi wa ofisi: wanazaa, wanasahau, wanarudi kazini. Ni kweli hawaatamii. Ukimwekea yai chini yake anakuangalia kama umemkosea adabu. Brahma, wale wakubwa wenye manyoya mpaka vidoleni, aliwaita wenye suruali. Aliwapenda kwa utulivu wao lakini hakuwaamini. "Kuku anakula kama ng'ombe, halafu anakuletea yai kama la njiwa," alilalamika. Kuku wenye shingo wazi aliwafuga kwa sababu wanavumilia joto la Bujumbura, ila mgeni mwenye heshima akija aliwafukuzia nyuma ya nyumba, kwa sababu, alisema, hawajavaa vizuri. Na wa kienyeji, wale wadogo wenye rangi za kila namna, ndio aliowaita wanawake kweli. "Hawa wanajua maisha," alisema, na akasalimiana nao kwa Kirundi, "Mwaramutse," kwa sababu walitoka milimani.

Ndoto yake ilikuwa kupata kuku mmoja mwenye sifa zote: atage kama wale weupe, awe na uzito wa Brahma, aatamie kama wa kienyeji. Alichanganya vizazi kwa uvumilivu mkubwa. Siku moja alinyanyua juu ya ukuta matokeo ya kazi hiyo ili niyaone. Alikuwa jike kubwa lenye suruali moja tu, mguu wa kulia. Lilikuwa linakula kama Brahma, linashtuka kama wale weupe, na halijawahi kutaga.

"Unaonaje?" akaniuliza.

"Mama, ni muzuri."

"Usinidanganye. Huyu ni musiba." Lakini alimfuga mpaka mwisho, akampa na mahali pazuri pa kulala.

Kitu kilichofanya watu wamwogope ni kumbukumbu yake. Nusu ya vijana wa kaskazini ya mji walikuwa wamepita mikononi mwake siku ya kwanza ya maisha yao, na hakusahau hata mmoja. Dereva wa teksi akichelewa kumfuata, alimwambia mbele ya abiria: "We ulitoka na miguu mbele. Ndiyo sababu mpaka leo unafika mahali, kichwa bado iko nyumbani." Kulikuwa na askari mmoja aliyesimama njia panda, mtu wa misuli na sura ya hasira. Mama alipopita, askari yule alitazama mawingu. Alikuwa anajua kinachofuata: "Huyu? Alilia siku mbili mfululizo. Mama yake alitaka kumuacha pale."

Lakini usidhani alikuwa na moyo laini kwa kuku. Alimuuguza kuku mgonjwa usiku na mchana, akamlowekea pumba kwa maji ya uvuguvugu, akamwombea dua. Na kuku huyo huyo akiacha kutaga kwa uzee, siku ya Ijumaa alikuwa kwenye sufuria na pilipili nyingi. "Amepata pansio yake ya uzee," alisema, akilamba vidole. Na yeye mwenyewe alipenda mayai ya kukaanga kuliko chakula chochote. Ila hakuyala mbele ya kuku. Alifunga dirisha la jikoni, akashusha pazia, akala haraka, na akitoka nje alikuwa amefuta mdomo vizuri. Nilimwambia siku moja kwamba kuku hawana habari.

"We hujui wanajua nini," akanijibu.

Vita vyake vikubwa vilikuwa na jirani wa ghorofa. Huyu alikuwa mfanyabiashara wa saruji aliyejenga nyumba ya ghorofa juu yetu kidogo. Alikuwa mtu mkubwa, mwenye sauti ya kuita lori lirudi nyuma, na usingizi mwepesi kama wa paka. Jogoo wa Mama, mwekundu mwenye mkia wa kijani, alisimama kila alfajiri juu ya ukuta uliokuwa chini ya dirisha lake la kulala. Jirani alivumilia. Alituma ujumbe. Alituma pamba za masikioni, akimaanisha kwamba yeye tayari anazo na hazisaidii. Mwishowe alipeleka mashtaka kwa shefu wa katiye, mkuu wa mtaa wetu.

Tulikusanyika uani kwa shefu, na mimi nilikwenda kama shahidi, jirani wa kati yao. Yule bwana wa saruji alianza.

"Shefu, mi niko mutu wa kazi. Jogoo ya huyu mama inaimba hata Mungu hajaamka. Nikilala inaimba, nikiamuka inaimba. Mana yanje, nimechoka!"

Mama alisimama, akarekebisha mtandio wake, akamkazia shefu macho kwa muda. Jicho lile nililijua, nikamwonea shefu huruma.

"Shefu," akasema kwa upole, "we ulizaliwa wapi?"

"Ngozi, Mama. Kule mulimani."

"Kwa muzalisha gani?"

"Sikuzaliwa kwa muzalisha. Nilizaliwa nyumbani. Nyanya yangu ndiye alinipokea."

Mama akakaa chini. Ilikuwa mara ya kwanza nimwone hana silaha. Shefu, ambaye alikuwa mtu wa haki, alifikiri, akasema kuku wabaki kwa sababu ni riziki, lakini jogoo asilale katika katiye.

"Asilale," Mama akarudia.

"Asilale, Mama."

"Sawa. Wote mumesikia. Shefu amesema: asilale."

Bila jogoo mayai hayana kitu, kila mtu alijua. Tulidhani ndio mwisho wa kuvezi. Lakini Mama alikuwa na shemeji yake mzee Mutanga Sud, mwalimu mstaafu asiyesikia vizuri, na alikuwa na muuza maziwa aliyepita kila asubuhi kwa baiskeli akitokea upande huo huo. Basi kuanzia wiki ile jogoo alilala Mutanga Sud kwa shemeji, na asubuhi, jua likishatoka, alipanda Gihosha ndani ya kikapu, katikati ya madumu ya maziwa, kichwa nje, akitazama njia. Mama alimpokea getini: "Umelala salama? Ingia kazini." Jioni muuza maziwa alimrudisha.

Mtaa ulimzoea. Watu waliokuwa wakitembea kwa miguu kwenda mjini, kwa sababu petroli ilikuwa ya shida, walipishana na jogoo anayekuja kazini kwa baiskeli, wakamwamkia kama bosi: "Bonjour, patron." Bwana wa saruji alikutana naye getini karibu kila siku. Hakuweza kushtaki tena; jogoo hakulala. Siku ya mvua kubwa, barabara ikiwa tope na muuza maziwa haji, Mama alitangaza juu ya ukuta kwamba leo patron yuko congé, likizo.

Congé hiyo ndiyo iliyomwokoa. Mvua za mwaka ule zilinyesha vibaya, na wiki ambayo muuza maziwa alishindwa kabisa kupanda, kideri kilipita Gihosha. Ni ugonjwa usiobembelezwa. Leo kuku anasinzia, kesho shingo imepinda, keshokutwa unachimba shimo. Mama alipambana kama alivyojua. Alitenga wagonjwa, akachoma matandiko, akamwaga dawa, akaoga na kubadili nguo kila alipotoka banda moja kwenda jingine. Hakuna kilichosaidia. Wenye suruali walikwisha, weupe wakaisha, wanawake kweli wa kienyeji wakaisha, na yule musiba wa suruali ya mguu mmoja naye akaenda. Nilimsaidia kuchimba. Hakulia na hakutania. Aliporudi kunawa alisema tu, "Imebaki patron kule Mutanga, na hizi za ndani."

Za ndani yalikuwa mayai. Ndani ya kuvezi kulikuwa na mayai ya kuku wake mwenyewe, yaliyotagwa kabla ugonjwa haujafika, na ekografi ilikuwa imeonyesha kwamba mengi ni mazima. Kundi lake lote sasa lilikuwa ndani ya lile frigo.

Ndipo umeme ukakatika. Si ule wa kukatika na kurudi tuliouzoea. Kabini, ile transfoma ya mtaa, iliungua kwa mshindo, ikatoa moshi, na tukaambiwa tusubiri. Siku ya kwanza Mama alichemsha maji, akayatia kwenye chupa, akazipanga ndani ya kuvezi na kufunika mlango kwa mablanketi. Nilimwona anafungua, anatazama kipimajoto, anafunga, anachemsha tena. Siku ya pili makaa yalikuwa yanakwisha na mshale unashuka. Akaja barazani kwangu na beseni.

"Simama," akasema.

Alinifunga mayai tumboni kwa kikwembe, taratibu, kama anayefunga jeraha, kisha akaenda kuwafunga wanawake wengine wawili wa ua wetu. "Musikimbie, musiiname, musikasirike," akatuagiza. Nilishona asubuhi nzima nimekaa wima kama askari. Mteja wangu mmoja alikuja kuchukua gauni, akatazama tumbo langu, akafurahi sana.

"Hongera, dada! Na hukutuambia!"

Nilikuwa siwezi kucheka, nilikatazwa kutikisika. Nilisema asante.

Lakini haikuwezekana hivyo mpaka mwisho. Mchana Mama alisimama kati ya ua akatazama juu. Kwenye paa la ghorofa, mtaa mzima ukiwa hauna umeme, paneli za sola za bwana wa saruji zilikuwa zinang'aa. Alizitazama muda mrefu. Tangu siku ya shefu hawakuwa wamesalimiana zaidi ya "Amahoro" ya getini, ile ya kutoa tu ili Mungu asikuandikie kosa. Aliingia ndani. Alipotoka alikuwa amevaa koti lake jeupe la hospitali, limepigwa pasi zamani na kukunjwa, mistari ya mikunjo bado inaonekana. Nikamfuata na tumbo langu.

Bwana wa saruji alifungua mwenyewe. Hakuwa amekwenda kazini. Gari lake lilikuwa uani halina petroli.

"Mwanangu," Mama akasema, "niko na wagonjwa."

Yule bwana alinitazama mimi, tumbo langu, kisha koti jeupe, akashtuka.

"Mama, ingieni! Nani anazaa?"

"Wengi," Mama akasema.

Alipoelewa, nilidhani atakumbusha habari ya usingizi wake. Badala yake aliwaita walinzi na wapita njia, frigo likapandishwa ngazi na wanaume wanne, likawekwa saluni, yaani sebuleni, kwenye zulia, karibu na televisheni kubwa.

"Lakini Mama, hii ni frigo."

"Ilikuwa."

Balbu zikawaka. Feni ikaanza kuzunguka. Wale wenzangu wawili wakaitwa, Mama akatufungua vikwembe, akayarudisha mayai moja moja, na karatasi ya SILENCE ikabaki ikitazama makochi.

Mke wa bwana wa saruji alikuwa mteja wangu, akanieleza yaliyofuata nilipokuwa nikimpima. Mume wake, mwanamume wa sauti ya lori, alianza kunong'ona. Aliongea na simu akiwa jikoni. Mpira ulitazamwa bila sauti. Mgeni alipogonga mlango kwa nguvu alifungua akiwa na kidole mdomoni. Alikuwa akivuta kiti na kukaa mbele ya kioo kama mtu anayesubiri matokeo ya uchaguzi.

Siku yenyewe ilikuwa baada ya swala ya adhuhuri. Sauti ya lori ilirudi ghafla, juu ya kuta zote:

"Mama! Mama Muzalisha! Inaongea! Yai inaongea!"

"Inasema nini?" Mama akajibu kutoka kwake, tayari anavaa koti.

Tulipoingia, yai moja lilikuwa na ufa, na ndani yake kilio kidogo, kikali, cha kiumbe asiyeonekana. Mama alitazama, akaridhika, kisha akatufukuza sote kwenye balkoni. Hii ilikuwa sheria yake kubwa. Mtu aliyesaidia wanadamu maisha yake yote hakuruhusu mkono wowote umguse kifaranga anayetoka. Kwa kawaida siku ya kutotoa alikuja kukaa kwangu, mbali na kuvezi, ili asishawishike.

Tukaletewa chai. Bwana wa saruji hakunywa. Kila baada ya muda alikwenda kuchungulia na kurudi anatokwa jasho.

"Mama, yule wa pembeni amechoka."

"Hajachoka. Anapumuzika."

"Nimusaidie kidogo tu. Na ukucha."

"Ukimusaidia sasa, damu itatoka. Ile mishipa bado inafanya kazi. Kaa."

Akakaa. Akashika kichwa kwa mikono yake yote miwili. Kisha akasema, si kwetu hasa, ni kama kwa kikombe:

"Muke wangu alizaa mara tatu. Mara zote mi nilikuwa safarini. Nilikuwa nasikia kwa simu: umepata mutoto. Nasema asante, naendelea na kazi. Sikujua ni hivi."

Mkewe alikuwa amesimama mlangoni na birika. Alimwekea sukari kwenye chai, akakoroga yeye mwenyewe.

Mpaka jioni vifaranga walikuwa wanatoka mmoja baada ya mwingine, wamelowa, wabaya wa sura, wanajikokota juu ya maganda. Ikafika wakati Mama akasema anakwenda kuswali chumba cha ndani. Tulikaa. Swala ikawa ndefu. Mimi na bwana wa saruji tukatazamana, tukaingia saluni kwa vidole vya miguu. Mama alikuwa amepiga magoti mbele ya kuvezi, mlango wazi, kitambaa chenye maji ya uvuguvugu mkononi, anamtoa kifaranga wa mwisho ganda kwa ganda, kwa utaratibu kiasi kwamba hata pumzi yake hatukuisikia. Alitusikia sisi. Hakugeuka.

"Hii ni sezariani," akasema. "Hii ni tofauti."

Bwana wa saruji aliomba kifaranga mmoja awe wake. Alichagua yule wa sezariani, wa kuzaliwa kwa upasuaji. Alimlea saluni mpaka mkewe akachoka, kisha uani. Miezi ikapita, kifaranga akaota kilemba chekundu, na alfajiri moja akapanda juu ya gari la bwana wake akaimba, sauti mbaya, kama bawaba ya mlango. Tukasubiri. Bwana wa saruji alitokea dirishani.

"Mumesikia?" akaita, akitaka majirani wote waamke. "Huyu iko na sauti!"

Wiki hiyo hiyo alikwenda mwenyewe kwa shefu kuomba ile amri ya kulala iondolewe. Patron wa Mutanga Sud akarudishwa nyumbani, na muuza maziwa akabaki na maziwa yake.

Mama aliendelea miaka mingine kadhaa. Kundi lilirudi, foleni ya vikapu ikarudi, maswali ya jogoo yakarudi. Kilichoharibika kilikuwa macho yake, na aligundua yeye kabla yetu. Siku ya ekografi fulani alitoa yai, akalitazama juu ya tundu la boksi, akaligeuza, akasema hili ni tupu, akalipasua kwenye bakuli kama alivyofanya na matupu yote ili ampe mbwa wa shefu. Halikuwa tupu.

Nilikuwa pale kumletea mapazia. Alisimama akitazama bakuli. Alilifunika kwa kitambaa.

"Nimekosea," akasema.

"Mama, ni yai moja."

"Mi sikuwa nakosea, dada. Watu wanaleta kwa sababu mi sikosei."

Hakuna aliyeweza kumbadilisha. Yaliyokuwa kwenye kuvezi yakatotolewa, kisha akamwita bwana wa saruji, akampa frigo, boksi la viatu, tochi na karatasi ya SILENCE. Alimfundisha mwezi mzima, kwa ukali. Siku hizi ukipeleka mayai ni yule bwana anayekuuliza kuhusu jogoo, ila yeye anauliza kwa sauti ya lori, na katiye yote inajua majibu yako.

Mimi nilihamia Mutanga Sud nilipopata chumba chenye dirisha la barabarani. Hatukuonana muda. Kisha mwaka huu, kabla ya Idi, alikuja. Aliletwa na mjukuu wa dada yake, akaingia polepole, akipapasa mlango. Alikuwa amepungua. Nilipomzungushia tepu kiunoni ilinibidi niizungushe zaidi ya nilivyozoea, na nikajifanya natafuta chaki ili nisimtazame usoni.

"Nataka gauni ya kawaida," akasema. "Usiniwekee maua. Lakini tia mifuko mbili. Kubwa."

"Ya kutia mayai, Mama?"

"Apana. Ya kutia mikono." Aliinyoosha mikono mbele yake akaitazama, kwa karibu, kama mtu anayesoma maandishi madogo. "Nikikaa, haziko na kazi. Zinanisumbua. Hata mutu akinitembelea sijui niziweke wapi."

Nilishona usiku na mchana. Mifuko niliitia kitambaa laini ndani. Alipokuja kuchukua alivaa pale pale, akatumbukiza mikono yake yote miwili mpaka juu ya vifundo, akasimama akiijaribu.

"Ziko sawa?"

"Ziko sawa," akasema. "Zimelala."

Nilimsindikiza mpaka mlangoni. Alishuka barabara polepole, mjukuu kando yake, mikono yote ndani ya mifuko, mtandio mweupe, mgongo ulionyooka. Alikuwa kama mtu yeyote mzee anayetoka kwa fundi. Karibu na kona alikuwa anapanda mwanamume kutoka sokoni, amemshika kuku kwa miguu, kichwa chini, mabawa yamefunguka, kama watu wote wanavyobeba.

Macho ya Mama hayaoni hatua kumi. Lakini sauti ya kuku yule aliisikia.

Mikono ilitoka.

"We! Simama hapo! Mama yako alikubeba hivyo?"